Betri ya Chombo na Chaja Yake

Mtu akitoka Kuze, katika Mji wa Kale wa Mombasa, akashuka hata Bandari ya Kale, ataona kuwa vyombo ambavyo zamani vilitegemea tanga, pepo za musimu na maarifa ya nahodha, leo aghalabu vina mashine. Na penye mashine pana betri. Betri hiyo ndiyo iwashayo mashine, itiayo nuru taa za usiku, iendeshayo pampu ya kutoa maji ya ngama, na ndiyo ilishayo redio ambayo kwayo baharia huomba msaada afikwapo na dhiki. Kwa hivyo betri ikifa nje ya mlango wa bandari hasara yake si ya fedha tu, bali roho za watu zimo hatarini.

Wengi hudhani kwamba kinachoiua betri ni kazi. Kazi huichakaza, ni kweli, walakini betri nyingi za vyombo huharibika zikiwa zimekaa kimya, kwa kuachwa nusu tupu. Betri ya risasi, ambayo asili yake ni ile aliyoivumbua Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, ikiwa ni ya volti 12 huwa na vyumba sita, na katika kila chumba mna bamba za risasi zilizozama katika tindikali iliyochanganywa na maji. Itoapo umeme, salfa iliyomo katika tindikali huganda juu ya bamba. Ichajiwapo, salfa hiyo hurejea ilikotoka. Ikiachwa majuma mengi ilhali imepungua, ukoga ule wa salfa huwa mgumu, na hapo hata chaja njema haiwezi kuuondoa wote. Betri iliyotulia saa kadhaa ikipimwa ikaonyesha volti 12.7, imejaa, ikionyesha 12.2, imebaki nusu, na mwenye kuiacha katika hali hiyo ameanza kuipoteza. Jambo hili lina uzito zaidi katika miezi ya kusi, bahari inapochafuka na mashua ndogo zikalala nangani siku nyingi, kwa sababu betri hupungukiwa na nguvu hata isipotumiwa, na joto la pwani yetu huzidisha upungufu huo.

Faida ya chaja ifungwayo chomboni daima ni hii: betri haingoji mpaka ishindwe kuwasha mashine ndipo ipakiwe mkokotenini kupelekwa dukani, bali hujazwa kila chombo kifikapo gati lenye umeme. Chaja iliyotengenezwa kwa kazi ya baharini hufanya kazi yake kwa daraja. Kwanza huitia betri umeme mwingi kwa kadiri ya uwezo wake, hata volti zikafika takriban 14.4, kisha huzizuia volti hapo, umeme uingiao ukipungua kidogo kidogo kadiri betri inavyoshiba, mwisho huteremka ikatua penye volti 13.5 hivi, ikirudisha kile tu ambacho betri inakipoteza kwa tabia yake. Chaja ya gereji isiyojua kujizuia haina daraja hizi, na ikiachwa usiku kucha itachemsha maji ya betri hata bamba zibaki wazi. Kwa betri ya ampea-saa 100, chaja ya ampea 10 hadi 20 yatosha. Na chombo chenye betri mbili, moja ya kuwashia mashine na moja ya taa na pampu, sharti kila moja iwe na njia yake kutoka katika chaja, ili udhaifu wa moja usiishushe nyingine. Aidha chaja iwekwe katika hesabu ya aina ya betri iliyopo, maana betri ya lithiamu haichajiwi kwa hesabu ya betri ya risasi, iitwayo betri ya maji. Ikiwa chaja ina kipimo cha joto cha kubandikwa juu ya betri, ni afadhali sana kwetu, kwani chini ya sitaha mnamo Februari joto hupita lile la nje, na betri yenye joto huhitaji volti pungufu.

Sasa nifike penye hatari, na hapa sitaki kufanya haraka. Betri ya maji ikikaribia kujaa hutoa hidrojeni, hewa isiyo rangi wala harufu, ambayo ikifikia sehemu 4 tu katika 100 za hewa ya mahali, cheche moja huweza kuilipua. Kwa kuwa ni nyepesi, hupanda na kukusanyika chini ya kifuniko. Kwa hivyo sanduku la betri liwe na tundu juu, na kifuniko cha sitaha kifunguliwe wakati wa kuchaji. Mvuke wa petroli, kinyume chake, ni mzito, nao hutuama katika ngama. Chombo chenye petroli basi kina hatari juu na hatari chini, na hakistahili chaja isipokuwa ile iliyohakikishwa kuwa haitoi cheche. Harufu ya yai viza ikisikika, au betri ikiwa moto mkononi, umeme ukatwe mara moja kule gatini, wala mtu asiguse waya wowote kwenye betri mpaka hewa imepita na betri imepoa. Tena betri isiwekwe mahali pa kufikiwa na maji ya ngama, kwa kuwa maji ya bahari yakiingia katika tindikali hutoa klorini, hewa ya sumu.

Umeme wa gatini ni wa volti 240, nao baharini hauna huruma. Maji ya bamvua katika bandari yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na waya uliofungwa kwa kipimo cha maji kujaa utavutika maji yakitoka, uchomoke au uchanike. Basi uachiwe urefu wa kutosha, lakini usiguse maji. Uchomekwe kwanza chomboni, kisha gatini, na wakati wa kuondoa uchomolewe kwanza gatini. Pini ya tatu ya plagi, ile ya ardhi, isikatwe kwa sababu yoyote, na soketi ilindwe na swichi ikatayo umeme uvujao ufikapo miliampea 30, kwa kuwa umeme ukivuja majini huweza kumuua mtu aogeleaye kando ya chombo. Nyaya zitokazo chajani ziwe na fyuzi karibu na betri. Lau mwenye chombo ambaye fedha zake hazitoshi kununua vyote angeniuliza shauri, ningemwambia anunue nyaya njema na fyuzi kwanza, chaja baadaye.

Utunzaji uliobaki ni mwepesi. Maji ya betri huongezwa baada ya kuchaji, ila bamba zikiwa wazi hufunikwa kidogo kabla. Nayo yawe maji ya betri ya dukani, si ya visima vya Mjini ambayo aghalabu yana munyu. Vichwa vya betri vikiota ukungu mweupe au wa kijani, huoshwa kwa maji yaliyokorogwa magadi, vizibo vikiwa vimefungwa, vikakaushwa na kupakwa grisi. Tindikali ikirukia jicho, lioshwe papo hapo kwa maji matamu mengi kwa dakika zisizopungua 15, kisha mtu apelekwe hospitali.

Na betri iliyokwisha? Watu wa Owino Uhuru, hapa hapa Mombasa, walidhuriwa na risasi ya kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kando ya nyumba zao. Phyllis Omido, aliyewapigania, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Kwa hivyo mvuvi atakaye risasi ya kufanyia chubwi asiivunje betri akaiyeyusha jikoni, ambapo watoto watavuta moshi wake. Airudishe nzima, ikiwa wima na vizibo vyake vimefungwa, kwa muuzaji apokeaye za zamani anapouza mpya.