Kabla ya kununua raifo mpya, piga hesabu ya risasi

TANGU Serikali ilipotoa kanuni za biashara ya nyamapori mwaka 2020 na mabucha yenye leseni kuanza kufunguliwa, raifo ya kuwindia imeanza kutazamwa kwa jicho la biashara. Kwa mwindaji mwenye leseni, mwenye ranchi ya wanyamapori na mwenye bucha anayemtegemea mwindaji huyo, bunduki ni kitendea kazi kama trekta au mashine ya kusaga. Kama ilivyo kwa trekta, bei ya kununulia ni mwanzo tu wa gharama.

Wanunuzi wengi huanza na bunduki. Huangalia jina la kiwanda, mng'ao wa kitako na uzuri wa darubini, kisha hulipa. Baadaye ndipo hugundua kuwa risasi zake hazipatikani mjini kwao, au zinapatikana kwa bei isiyovumilika. Utaratibu wenye faida ni kinyume chake: chagua risasi kwanza, halafu tafuta bunduki ya kuipiga.

Bunduki mpya, ubishi wa zamani

Raifo ya bolti, ile ambayo mpigaji huvuta bolti kwa mkono ili kutoa ganda na kuingiza risasi nyingine, si kitu kigeni. Nyingi za leo zina asili katika Mauser ya Ujerumani ya mwaka 1898. Hata hivyo, viwanda haviachi kutoa matoleo mapya. Kiwanda cha CZ cha Jamhuri ya Cheki, ambacho raifo yake ya CZ 550 ilizoeleka kwa wawindaji wa Afrika, kilileta CZ 600 mwaka 2021.

Kila toleo jipya linapotoka, wawindaji hugawanyika. Wa zamani hupenda bolti yenye ukucha mrefu wa Mauser, unaoishika risasi tangu inapotoka kwenye magazini hadi ganda linapotupwa nje. Wanasema mbele ya nyati aliyejeruhiwa hakuna nafasi ya risasi kukwama. Wa kisasa hupenda bolti fupi inayoinuliwa nyuzi 60 badala ya 90, kwa sababu mkono haugongi darubini.

Ubishi mwingine ni wa kitako. Cha mbao hupendeza, lakini mbao huvuta unyevu na kujikunja, na bunduki iliyolenga sawasawa wakati wa kiangazi inaweza kupiga pembeni masika. Cha plastiki hakina mvuto, ila hakijali mvua. Kwa anayefanya kazi maeneo ya pwani au bonde lenye unyevu, hilo lina uzito kuliko urembo.

Risasi ipi kwa mnyama yupi

Risasi hutajwa kwa kaliba, yaani unene wake. Risasi ya .375 H&H, iliyotoka Uingereza mwaka 1912, ina unene wa sehemu 375 kati ya 1,000 za inchi, na kichwa chake cha kawaida kina uzito wa gramu 19.4. Tanzania, kama nchi nyingi za Afrika zinazoruhusu uwindaji, inaitumia kaliba hiyo kuwa kiwango cha chini kwa wanyama wakubwa hatari kama nyati na tembo.

Namibia, ambako wafugaji wengi huwinda na kuuza nyamapori kutoka mashamba yao, hupima kwa nguvu. Sheria yake hutaka risasi itoke mtutuni na nguvu isiyopungua jouli 1,350 kwa wanyama wadogo, 2,700 kwa wa ukubwa wa tandala na pofu, na 5,400 kwa nyati na tembo.

Kipimo hicho kinasaidia kulinganisha. Risasi ya .30-06, iliyoanza Marekani mwaka 1906, ikiwa na kichwa cha gramu 11.7 hutoa karibu jouli 3,900. Inatosha kwa ngiri, swala pala, kongoni hata pofu, lakini si kwa nyati. Ile ya .375 hutoa takriban jouli 5,700. Inamfaa nyati, ila kwa anayewinda swala pala tu ni gharama isiyo ya lazima, na teke lake begani humfanya mpigaji asiyezoea afumbe macho kabla ya kufyatua. Anayefumba macho hujeruhi mnyama badala ya kumuua.

Zipo pia risasi mpya kama 6.5 Creedmoor, iliyotoka Marekani mwaka 2007. Wanaoisifu hutaja wepesi wa teke na ulengaji wake wa mbali. Wanaoipinga huuliza swali la mfanyabiashara: ikiisha, utaipata duka gani?

Hesabu ya mfukoni

Tuchukue mfano, kwa bei za kufundishia tu. Mwindaji anahitaji risasi 40 kwa mwaka: nyingine za kurekebisha darubini na kufanya mazoezi, nyingine za kazi. Akitumia risasi ya sh 6,000, atalipa sh 240,000. Akitumia ya sh 20,000, atalipa sh 800,000. Tofauti ni sh 560,000 kwa mwaka, au sh milioni 2.8 kwa miaka mitano. Punguzo alilofurahia alipoinunua bunduki linaweza kumezwa lote hapo.

Mbaya zaidi, mwenye risasi ghali huacha kufanya mazoezi. Hubana matumizi pale asipostahili kubana, na hasara huiona porini.

Nyama inayotupwa

Kwa mwenye bucha, uchaguzi wa risasi huonekana kwenye mizani. Kichwa chepesi kinachokwenda kasi sana, kikigonga mfupa wa bega kwa karibu, hupasuka na kujaza damu katika nyama yote inayozunguka. Kizito kinachokwenda taratibu huharibu eneo dogo. Iwapo mzoga wa swala pala una kilo 33 na kilo 4 zinatupwa, zaidi ya asilimia 12 ya mauzo imekwenda kwa fisi.

Aina ya kichwa nayo ni muhimu. Vichwa vingi vina madini ya risasi ndani, na vipande vidogo visivyoonekana kwa macho hutawanyika mbali na kidonda. Madini hayo ni sumu, hasa kwa watoto na wajawazito. Mchinjaji hana budi kukata nyama kwa upana kuzunguka kidonda na kuitupa. Vichwa vya shaba tupu huondoa tatizo hilo, ingawa kwa kawaida bei yake ni kubwa.

Mkulima asiharakishe

Mkulima anayesumbuliwa na nyani, ngedere au nguruwe pori anaweza kudhani raifo ndiyo dawa. Mara nyingi sivyo. Kichwa cha .30-06 kinaweza kusafiri zaidi ya kilometa tatu, na mashamba yetu yamezungukwa na nyumba, njia za shule na ng'ombe wa jirani. Shotigani ya marisau, yenye nguvu ya makumi ya meta tu, ina hatari ndogo zaidi kwa kijiji, na inahitaji leseni vilevile.

Kwa tembo, hakuna bunduki ya mkulima inayofaa. Kazi hiyo ni ya maofisa wanyamapori wa halmashauri na askari wa TAWA. Uzio wa mizinga ya nyuki na kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu vimesaidia baadhi ya vijiji, na mizinga hutoa asali ya kuuza. Aliyeharibiwa mazao atoe taarifa mapema, kwani kanuni za mwaka 2011 zinatoa kifuta jasho. Mnyama aliyeuawa kwa kujilinda ni mali ya Serikali, na tukio lazima liripotiwe; nyama yake si ya kugawana.

Hatua za kufuata

Anayeona bado anahitaji raifo aanze polisi, aulize kama aina na kaliba anayoitaka inaruhusiwa kwa raia, na kuwinda asiwinde bila leseni. Pili, apite kwa wauzaji wenye kibali na kuuliza risasi zipi zipo mwaka mzima na kwa bei gani. Tatu, aombe kuipiga bunduki ya mtu mwenye kaliba hiyo, mwenyewe akiwapo na mahali panaporuhusiwa, ili ajue kama bega lake linalihimili teke. Akishapata majibu hayo matatu, ndipo achague kati ya kitako cha mbao na cha plastiki.