Paa Lenye Kona Nyingi: Je, Lafaa Kubeba Paneli za Jua?



Katika mikutano ya matawi swali moja hurudi mara kwa mara: je, nichukue mkopo niweke paneli za jua juu ya nyumba yangu? Na anayeuliza huongeza kwamba paa lake si la kawaida. La huyu lina pande nne, la yule limekuwa vipande vipande kwa sababu nyumba iliongezwa chumba kila pesa ilipopatikana, na la mwingine limekaa chini ya kilima au chini ya mparachichi wa jirani. Swali hili ni la mshahara, kwa hiyo ni swali la chama. Mkopo wa SACCO hukatwa mwezi hata mwezi, jua liwake lisiwake.

Mimi sikusomea uhandisi. Haya nimeyapata kwa mafundi wenyewe, wale wanaopanda juu.

Kwanza tuondoe hofu ambayo haina msingi mkubwa, nayo ni hofu ya upande. Kuna vitabu vya maelezo vilivyoandikwa Ujerumani na nchi jirani zake, vinavyosema paneli sharti zitazame kusini. Kwao ni kweli, maana huko jua halifiki utosini hata siku moja. Kigali iko karibu digrii 2 tu kusini mwa ikweta. Hapa jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba. Mwezi wa Juni, saa sita mchana, huwa limeinama kaskazini kwa digrii kama 25, na Desemba limeinama kusini kwa digrii kama 21. Kwa hiyo paa lenye mteremko mdogo, digrii 10 au 15, hata likitazama mashariki au magharibi, hupoteza sehemu ndogo tu ya umeme. Mteremko huo pia hufaa kwa sababu mvua huosha vumbi yenyewe. Hasara huanza kuonekana paa likiwa kali sana, kwa kuwa hupata jua la asubuhi peke yake au la jioni peke yake. Kama ningelazimika kuchagua, ningechagua mashariki, kwa maana mvua ya itumba mara nyingi hujikusanya mchana na kumwagika alasiri.

Basi muuzaji akikuambia paa lako halifai kwa sababu tu halitazami kaskazini, muulize tena. Na akikuambia lafaa bila kupanda juu, muulize mara tatu.

Jambo linaloua umeme wa jua katika mji wetu ni kivuli. Mwaka 2007 paneli za kilowati 250 ziliwashwa juu ya mlima Jali, na wahandisi walikuwa na uhuru wa kuzipeleka kileleni. Sisi hatuchagui kilele. Kigali ni mji wa vilima, na aliye bondeni huenda akakosa jua saa moja au mbili kabla ya aliye juu. Kuna pia tangi la maji juu ya paa, bomba la moshi, ukuta wa ghorofa la jirani, na miti.

Mtu hudhani kivuli kikifunika sehemu ya kumi ya paneli, amepoteza sehemu ya kumi ya umeme. Sivyo. Ndani ya paneli vipande vidogo vimeunganishwa kimoja baada ya kingine, na paneli nazo kwa kawaida huunganishwa hivyo hivyo, mfululizo. Ni kama mpira wa kumwagilia bustani: ukiukanyaga mahali pamoja, maji hupungua kote. Watengenezaji wameweka njia za pembeni ndani ya paneli ili umeme uzunguke sehemu iliyofunikwa, lakini hata hivyo tawi moja laweza kukuondolea theluthi nzima ya paneli. Ziko inveta ndogo ambazo kila paneli hupewa ya kwake, ili moja isizivute chini nyingine. Zinasaidia, lakini bei nayo hupanda.

Kwa sababu hiyo hiyo, mwenye paa la vipande ajihadhari: paneli zinazotazama mashariki zisiunganishwe mfululizo mmoja na zile za magharibi. Kila upande uwe na mstari wake unaoingia kwenye inveta kwa mlango wake. Fundi asiyejua jambo hili usimpe kazi.

Kupima kivuli hakuhitaji chombo. Siku ya jua kali, simama mahali unapoona paa lote saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa tisa alasiri, uchore kwenye karatasi kivuli kimefika wapi. Fanya hivyo karibu na Juni na tena karibu na Desemba, kwa sababu jua huhama. Mti ulio kusini mwa nyumba usioleta tabu Juni waweza kufunika paneli Desemba. Ukiona sehemu iko wazi kutoka saa tatu hadi saa tisa katika misimu yote miwili, hiyo ndiyo sehemu yako. Iliyobaki iache.

Kisha pima nafasi, na hapa ndipo paa la pande nne huwadanganya watu. Chukua upande wenye umbo la pembetatu, chini mita 8, na kutoka ukingoni hadi kileleni mita 4. Kwa hesabu ya shule hizo ni mita za mraba 16. Paneli moja ya wati 430 hivi ina upana wa mita 1.1 na urefu wa mita 1.75, yaani karibu mita za mraba 2. Mtu husema, basi zitaingia 8. Chora uone. Paneli ni mstatili, haikatwi kufuata kona, na kingo za paa huachwa wazi kwa ajili ya upepo na kwa mguu wa fundi. Ukiacha sentimita 40 kila ukingo, zinaingia 2. Ukibana nafasi, 3. Hizo 3 zitakupa yuniti kama 4 hadi 5 kwa siku ya wastani, na chini ya hapo wakati wa mawingu.

Sasa tuingie darini. Paneli moja ina uzito wa kilo 20 na kitu, na juu yake weka uzito wa vyuma na wa watu wawili wanaofanya kazi. Kama una tangi la maji ya moto la lita 200 juu ya paa hilo hilo, tayari umebeba kilo 200 za maji peke yake. Panda darini na tochi na bisibisi, uchome mbao. Mikaratusi iliyoliwa na mchwa hupokea bisibisi kama ugali. Vyuma vya kushikilia paneli vifungwe kwenye mbao za kenchi, visifungwe kwenye bati peke yake, kwa kuwa upepo wa dhoruba huinua paneli kama tanga. Bati lenye kutu libadilishwe kwanza. Paneli nzuri huweza kudumu miaka 25, nawe hutaki kuzishusha zote baada ya miaka 4 kwa sababu bati limetoboka.

Kwa paa la asbesto hakuna mjadala. Tangu 2011 serikali, chini ya Mamlaka ya Nyumba ya Rwanda, imekuwa ikiyaondoa mapaa hayo, na sababu ni vumbi lake, ambalo huleta saratani ya mapafu na ya utando wake miaka mingi baadaye. Usikubali litobolewe hata tundu moja. Anayevuta vumbi hilo kwanza ni fundi, mfanyakazi mwenzetu, na wa pili ni mtoto wako. Na fundi yeyote anayepanda paa lako apande na kamba na mkanda. Paa lenye kona nyingi lina mahali pengi pa kuteleza.

Baada ya paa, risiti ya kashi pawa. Kwa bei zilizoanza Januari 2020, yuniti 15 za kwanza za mwezi zilikuwa faranga 89 kila moja, kutoka hapo hadi 50 faranga 212, na zaidi ya 50 faranga 249, kabla ya kodi. Aliyetumia yuniti 60 alilipa faranga 11,245, na kwa kodi ya asilimia 18 ikawa karibu 13,270. Aliyetumia 15 alilipa kama 1,575. Usitumie tarakimu hizo kwa leo, chukua risiti yako mwenyewe. Nimezileta ili uone jambo moja: paneli hukupunguzia kwanza yuniti za juu, zile za ghali. Mwenye taa nne, redio na simu hana yuniti za juu za kupunguziwa, na mkopo mkubwa utamla bure.

Tena mfanyakazi huondoka alfajiri na kurudi jioni. Paneli hutoa umeme mwingi saa sita, wakati nyumba imefungwa. Bila betri, umeme huo haumfai sana, na betri ni sehemu kubwa ya bei. Wengi pia hawaambiwi kwamba mtambo uliounganishwa na nyaya za REG bila betri huzimika umeme wa mji ukikatika, hata kama jua linawaka. Umetengenezwa hivyo makusudi, ili fundi aliye juu ya nguzo asiuawe na umeme unaotoka nyumbani kwako. Kama shida yako ni giza la kukatikiwa, basi unachohitaji ni betri ndogo na paneli moja au mbili, na hizo hata paa baya huzipatia nafasi.

Paa likikataa kabisa, tazama kibanda cha jiko, ukuta wa ua ulio imara, au nguzo za chuma uwanjani, ilimradi pasiwe na kivuli wala mwizi. Mpangaji apate ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi, ikitajwa kwamba paneli ni mali ya mpangaji. Aliye katika eneo lililotangazwa kuwa la hatari, yale tunayoyaita manegeka, asubiri kwanza ajue atahamia wapi.

Katika mkataba tafuta mambo haya: idadi ya yuniti wanazoahidi kwa mwezi wa mvua, si wa kiangazi tu, waya wa kupeleka radi ardhini, na nani atakayeziba paa likivuja, na kwa miaka mingapi. Usipoyaona, usitie sahihi. Lete karatasi hiyo ofisi ya tawi pamoja na mchoro wako wa kivuli, tuisome pamoja kabla mshahara haujaanza kukatwa.