Tairi Likisugua, Fenda Iguswe Mwisho

Kijana akiniletea Subaru iliyoshushwa, tairi linakwaruza ndani ya fenda kila anapokata kona, huwa ameshajiandikia dawa: "Fundi, nikatie hiyo fenda tu nirudi kazini." Sianzi na grainda. Nainua gari, natoa gurudumu, namwita ainame tutazame pamoja, kwa sababu mahali palipokwaruzwa ndipo panapotaja ugonjwa.

Nashughulikia miguu ya magari hapa Kawangware, kando ya Barabara ya Naivasha, na nyumbani kwangu ni Kibera, upande wa Makina. Wateja wangu ni vijana wanaopenda gari liwe chini, pamoja na madereva wa teksi walionunua gari lililoshushwa na mtu mwingine. Shida yao ni moja, nami naamini inatibika bila kuharibu bodi, mradi mtu aelewe gurudumu husafiri vipi.

Gari likipanda tuta, gurudumu huenda juu. Springi hujikunja, shoki hutuliza mrusho, na kwenye fimbo ya shoki pana raba ndogo inayozuia chuma kisigonge chuma. Tuseme gurudumu lilikuwa na sentimita 8 za kupanda kabla ya kufika kwenye raba hiyo. Ukiweka springi fupi na kushusha gari sentimita 5, umebakiza 3. Matuta ya mtaani hayakupungua, na abiria wanne wa jioni hawakupungua uzito. Ndiyo maana gari halisugui likiwa tupu asubuhi, bali huanza kulia likijaa.

Kibaya kuliko vyote ni kukata springi. Springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi ukiikata mmoja, ugumu wake huongezeka kwa asilimia 20 tu, lakini nafasi ya gurudumu kupanda imeliwa kwa kiasi kikubwa. Tena ncha iliyokatwa haikai sawasawa kwenye kikombe chake; gurudumu likining'inia inaweza kuchomoka. Kuna wanaoichoma kwa gesi hadi ilegee. Moto huo huua ugumu wa chuma, nayo springi huendelea kuzama siku hata siku. Springi ya namna hiyo siitengenezi. Naiondoa.

Magari yetu mengi hutoka Japani yakiwa yametumika, na mengine hufika yameshashushwa tayari, yakiwa na shoki za kuzungusha urefu kama zile za kampuni ya TEIN. Zimepangwa kwa lami nyororo. Huku kwetu, Subaru ilijipatia heshima kwa njia nyingine kabisa. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally kwa Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns akashinda kwa Impreza vilevile. Magari yale yaliinuliwa kutoka ardhini na kupewa miguu yenye nafasi ndefu ya kupanda na kushuka. Vijana wanaoipenda Subaru kwa sifa za ushindi ule wajue kwamba nafasi hiyo ya gurudumu ni sehemu ya ushindi wenyewe.

Basi turudi kwenye alama. Tairi la nyuma likichubuka kwenye bega la nje, linagusa mdomo wa fenda gari likilemewa. La mbele likikwaruza plastiki ya ndani usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho, tairi ni pana au kubwa mno, au bushi za mkono wa chini zimechoka na gurudumu linasogea nyuma ukifunga breki. Alama ikiwa upande wa ndani, karibu na shoki, rimu imeingia ndani kupita kiasi. Usipouona mkwaruzo vizuri, paka chokaa kwenye mdomo wa fenda, pakia watu, pita kwenye tuta polepole, kisha tazama chokaa ilipofutika.

Tiba ina mpangilio. Kwanza bushi na boljointi: kilicholegea kibadilishwe, la sivyo vipimo vyote vinavyofuata ni vya uongo. Pili, tairi na rimu. Tairi la 205/55R16 na la 225/50R16 yana kipenyo karibu sawa, milimita 632 na 631, lakini la pili ni pana kwa milimita 20. Kwenye rimu soma namba inayoanza na ET; ikipungua, rimu hutoka nje zaidi. Ukitoa rimu ya inchi 7 yenye ET55 ukaweka ya inchi 8 yenye ET45, ukingo wa nje umetoka karibu milimita 23. Ukiongeza spesa nyuma ya rimu juu ya hapo, umeupeleka kwenye fenda kwa mkono wako mwenyewe.

Tatu, springi na shoki zinazolingana. Springi ngumu kiasi, iliyotengenezwa kwa urefu huo mfupi, huzuia gurudumu lisipande lote kwa mpigo mmoja. Kama shoki ni za kuzungusha, inua gari milimita 10 au 15. Mara nyingi kelele huishia hapo, na macho ya mwenye gari hayaoni tofauti. Nne, raba ya kwenye shoki: unaweza kuweka ndefu kidogo ili gurudumu lisimame kabla ya kufika kwenye fenda. Isizidi, maana gari likikaa juu ya raba muda wote litaruka kwenye kila shimo.

Tano, mlalo wa gurudumu. Kwenye Impreza, boliti ya juu inayoshika shoki huweza kuzungushwa ili juu ya tairi iingie ndani. Digrii moja huleta milimita 5 au zaidi. Digrii moja au mbili zinatosha. Ukizidisha, tairi litaliwa upande wa ndani. Ukimaliza, peleka gari alaimenti siku hiyohiyo, kwa kuwa mwelekeo wa magurudumu umebadilika. Vyote hivi vikishindwa ndipo mdomo wa fenda ukunjwe, ukiwa umepashwa joto ili rangi isipasuke.

Nasisitiza tairi lisiachwe likisugua kwa sababu ubavu wa tairi ndio ngozi yake nyembamba. Ukisuguliwa hadi nyuzi zionekane, fundi wa pancha hana la kuziba, na tairi hilo linaweza kupasuka kwa mwendo wa Southern Bypass lenye watu ndani. Fedha za tairi jipya zinauma, lakini zinapatikana.

Kwa hiyo unapokuja gereji, njoo na marafiki zako. Waketi ndani huku nikipima nafasi ya kila gurudumu, kwa sababu urefu sahihi wa gari lako ni ule linaoweza kuubeba likiwa limejaa watu, kwenye tuta baya kuliko yote unalopita kila siku.