Likembe ndani ya gitaa: namna muziki ya wazee inaingia katika nyimbo za leo

Kijana anafungua ordinatere, anatafuta mlio wa likembe kwenye intaneti, anauweka chini ya wimbo wake. Kazi imeisha. Nani alipiga ile likembe? Wa kabila gani? Mara mingi hajui. Waimbaji wakubwa wa Congo walipita njia ingine: walijifunza kwanza namna wazee wanapiga, kisha wakatengeneza kitu kipya.

Mfano uko Katanga. Jean-Bosco Mwenda alizaliwa mwaka 1930 upande wa Bunkeya. Mwaka 1952, Hugh Tracey, mzungu aliyezunguka Afrika akirekodi nyimbo za wenyeji, alimkuta Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi, akipiga gitaa njiani. Wimbo wake «Masanga» ulifika mbali, na wapiga gitaa wa Kenya walijifunza kwake.

Juu ya nini alishangaza watu? Kidole gumba chake kilishika sauti za chini, kidole cha pili kikapiga za juu, kila kimoja na njia yake. Mtu anasikia kama gitaa mbili. Hiyo iko karibu na namna ya likembe, ile ubao yenye vyuma vyembamba: gumba moja inarudia, ya pili inajibu.

Kelele ya mji

Kule Kinshasa, Mingiedi Mawangu, shofere wa kamio na Mzombo wa upande wa mpaka na Angola, alikuwa na shida ingine. Likembe ina sauti ndogo, na mji una kelele. Akatengeneza mikro kwa sumaku za vipande vya magari ya zamani. Sauti ikatoka na mikwaruzo. Kikundi chake, Konono N°1, hakikuiondoa, kikaifanya sehemu ya muziki. Albamu yao «Congotronics» ilitoka mwaka 2004 na ikawapeleka kupiga Ulaya.

Wote wawili hawakuchukua mlio tu kama pambo. Walichukua kanuni yenyewe: kurudia, kujibizana, kuacha nafasi kwa wachezaji.

Na kwetu mashariki?

Mali iko. Bashi wana lulanga, chombo cha ubao na nyuzi ambacho mpigaji anasimulia nacho habari. Wanande wana enzenze, fimbo yenye nyuzi na kibuyu. Wazande wana kinubi kinachoitwa kundi. Wambuti wa Ituri wanaimba kwa sauti nyingi: kila mtu na kipande chake, na wimbo unakamilika wakiwa pamoja.

Shida ni kwamba nyimbo hizi zilifundishwa kwenye ndoa, matanga na mavuno, si darasani. Vita ikikimbiza kijiji, mzee anaweza kubeba lulanga yake, lakini ile mikutano inabaki nyuma. Kijana aliyekomalia kambini anakosa nafasi ya kusikia na kujaribu.

Mambo ya kufanya mbele ya kuingia studio

Kwanza, kuuliza wimbo ni wa wakati gani. Kuna nyimbo za matanga au za jando ambazo wenyewe hawakubali zichezwe kwenye baa.

Pili, kurekodi mzee kwa telefone, wimbo wote mpaka mwisho, na kuandika jina lake, kijiji na tarehe.

Tatu, kusikilizana juu ya makuta mapema, kwa karatasi na mbele ya shahidi. Wimbo wa mila hauna mtungaji mmoja anayejulikana, kwa hiyo ni rahisi mtu kuuandikisha kwa jina lake peke yake. Hapo ndipo fitina inaanzia.

Nne, kurudisha wimbo uliomalizika kwa mzee ausikie. Akisema «hapa umekosea», hiyo nayo ni somo, na itakuwa ngumu kuipata siku mzee hatakuwepo tena.