Kabla ya injini, breki

Kabalo ni mji wa reli. Njia ya kwenda Kalemie, enzi hizo ikiitwa Albertville, ilikamilika mwaka 1915, na ile ya kutoka Kamina ikaungana nayo mwaka 1956. Hapa kando ya mto Lualaba ndipo njia za Kindu, Kalemie na Lubumbashi zinapokutana. Lakini treni haina siku ya kuaminika, na mkulima mwenye gunia la mihogo kijijini hawezi kuingojea. Tegemeo lake ni kinga, yaani baiskeli nzito ya chuma kama Phoenix ya China au zile za India, iliyopakiwa mkaa au madumu ya mawese mpaka mwenyewe anashuka na kuisukuma mchangani.

Kwa hiyo namwelewa vizuri kijana anayetaka kuifungia kinga yake injini. Zipo seti za Kichina za kazi hiyo: injini ndogo ya mipigo miwili, tangi, kabureta, klachi ya mkono, eksozi na mnyororo wa pili. Wauzaji hupenda kuandika cc 80, ingawa nyingi hazizidi 66. Marekani watu huzifunga kwenye baiskeli za bei nafuu zenye matairi manene, gia moja na breki ya kurudisha pedeli nyuma. Wala wazo si geni. Mwaka 1946, Japani ikiwa bado katika dhiki ya vita, Soichiro Honda alichukua injini ndogo zilizokuwa zikizalisha umeme wa redio za jeshi akazifunga kwenye baiskeli, na tangi lake la kwanza lilikuwa chupa ya maji ya moto. Kampuni yake ya pikipiki ilizaliwa humo.

Kuifunga injini yenyewe si kazi kubwa. Inakaa katika pembe ya chini ya fremu, inabanwa kwa boliti kwenye mabomba mawili. Unabana klachi, unapiga pedeli, ukishapata mwendo unaiachia, na injini inashika. Betri haihitajiki. Kinachomtoa fundi jasho ni gurudumu la nyuma. Sproketi ya injini hushikwa kwenye spoki zenyewe, zikiwa zimebanwa kati ya vipande viwili vya mpira, kwa boliti 9, na seti imepimwa kwa gurudumu la spoki 36. Baiskeli nyingi za mizigo za mtindo wa Kiingereza zina spoki 40 nyuma. Fundi akilazimisha, boliti zinaegemea spoki, sproketi inakaa upande, mnyororo unaruka. Afadhali alijenge upya gurudumu kwa rimu na kitovu cha matundu 36, au atafute kishikio kinachobana kitovu badala ya spoki. Kisha alizungushe gurudumu akiwa ameshika kijiti karibu na meno ya sproketi: ikiyumba, afungue aanze tena, akizikaza boliti kidogo kidogo kwa kupokezana.

Kagurudumu kanakokaza mnyororo nako ni ka kuogopwa. Kakilegea kwenye bomba, huvutwa na kuingia kwenye spoki, na gurudumu hukwama papo hapo. Nimeona watu wakikaacha kafungwe na boliti moja isiyo na nati ya pili. Hiyo ni kuchezea meno ya mwenye baiskeli.

Mafuta ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Injini ikiwa mpya, changanya esansi (petroli) sehemu 16 kwa oili ya mipigo miwili sehemu 1. Ikishazoea, 20 kwa 1, yaani mililita 50 za oili kwa lita moja. Esansi ya chupa za barabarani ichujwe kwa kitambaa safi kabla ya kuingia tangini. Anayemimina esansi tupu ataua pistoni mapema.

Sasa breki, na hapa sina huruma. Breki za fito zinazobana rimu ya chuma zilitengenezwa kwa mwendo wa miguu. Mzigo uliokuwa ukienda kilomita 12 kwa saa ukienda 36, nishati ambayo breki inapaswa kuimaliza ni mara tisa, si mara tatu. Mvua ikinyesha, rimu ya chuma inateleza na breki inabaki jina tu. Kwenye mteremko, mwenye magunia mawili nyuma hana pa kukimbilia, na mama anayevuka na beseni kichwani hana pia.

Mwenye fedha ya kazi moja tu mwezi huu anunue spoki mpya, mpira wa breki na gurudumu la mbele lenye breki ya ndani ya kitovu. Injini isubiri mwezi mwingine. Nawe fundi, mteja akija na seti mkononi na breki mbovu, mrudishe nyumbani.