Spageti Tamu ya Siku ya Kuzaliwa

Mtoto anapotimiza mwaka mwingine, mama huwa na hesabu yake ya siri: watoto wa jirani watakuja wangapi, na nyama hii itafika wapi? Akina mama wa Ufilipino nao hupiga hesabu hiyo, na jibu lao ni spageti tamu. Robo kilo ya nyama ya kusaga na soseji chache huenea sinia zima.

Tunajua wapo watakaokunja uso. Sukari kwenye nyama? Tambi za sukari twazijua, lakini hizo hazina kitunguu wala soseji. Nasi tulikunja uso, mpaka tulipojua utamu huo ulikotoka.

Huko Ufilipino nyanya zilikuwa adimu, ndizi zikajaa tele. Ndipo Maria Orosa, mtaalamu wa kemia ya vyakula aliyesoma Marekani na kurudi kwao mwaka 1922, alipobuni sosi ya ndizi mfano wa ile ya nyanya. Wakati wa vita alitengeneza pia vyakula vya soya vyenye lishe, vikapenyezwa kwa wafungwa wenye njaa kambini. Aliuawa Februari 1945 katika mapigano ya Manila. Sosi yake imebaki jikoni mwa wenzake hadi leo.

Haya, tuwashe jiko. Kaanga kitunguu kimoja, punje mbili za kitunguu saumu na kipande kidogo cha tangawizi. Tia ndizi mbivu 4 zilizopondwa, siki nusu kikombe, maji kikombe kimoja, sukari vijiko 3 vya mezani, chumvi, pilipili manga kidogo, na vijiko 2 vya nyanya ya kopo. Nyanya hiyo ni ya rangi tu, maana ndizi peke yake hutoa sosi ya kahawia ambayo watoto wataikimbia. Acha ichemke polepole dakika 20, kisha ichuje.

Katika sufuria nyingine kaanga kitunguu na nyama mpaka maji yakauke. Ongeza soseji 5 zilizokatwa vipande vyembamba, halafu sosi yako pamoja na kikombe cha nyanya zilizosagwa. Onja kabla ya kuongeza sukari! Sisi mara ya kwanza tulimimina sukari nyingi mwanzoni, tukageuka kuchambua mchele. Tuliporudi chini ya sufuria pameshika na juu pamekuwa kama jamu. Sukari iwe ya mwisho, kijiko kimoja kimoja, huku unakoroga. Wengine hutia pia maziwa mazito ya kopo kidogo; kwetu yalizidi.

Chemsha gramu 500 za spageti bila kuzivunja. Wafilipino walipokea kwa Wachina desturi ya kula tambi ndefu siku ya kuzaliwa kuwa ishara ya maisha marefu. Usipoijali desturi hiyo, usizivunje hivyo hivyo, kwa kuwa watoto hufurahia kuzivuta. Waiache laini kuliko kawaida. Mwagia sosi, kwaruzia jibini juu.

Mtoto wetu wa mwisho, ambaye nyama humkwama mdomoni siku zote, aliomba sahani ya pili. Baba yao alisema ni tamu mno, kisha akakomba sufuria.