Ni kweli paka wako alilishwa sumu?

Mama mmoja wa Tanga alinijia na mfuko wa karatasi. Mlikuwa na bakuli dogo la maji, chupa ya dawa iliyobaki nusu, na cheti chenye neno moja la mwandiko wa daktari: sumu. Tunu, paka wake wa miezi saba, alikufa siku nne kabla na kuzikwa chini ya mwembe. Tangu siku hiyo mama hakusalimiana na jirani yake wa ukuta kwa ukuta, kwa kuwa jirani huyo aliwahi kulalamika kwamba Tunu anamlia vifaranga.

"Daktari, mtu anawezaje kumfanyia hivi kiumbe asiye na kosa?"

Nikamuuliza mama, yule daktari mwenzangu alijuaje kuwa ni sumu. Mama akanyamaza. Hakuwa ameuliza, na simlaumu. Machozi yakitoka, nani hukumbuka kuuliza?

Basi nikamwomba anisimulie siku za mwisho za Tunu, pole pole, bila kuruka kitu. Jumatatu alikataa chakula. Jumanne alitapika povu la njano, kisha akajikunyata mbele ya bakuli lake, kichwa kimeinamia maji, asinywe. Jumatano alfajiri aliharisha damu, masikio yakawa baridi, na adhuhuri haikumkuta. Hakuwahi kuchanjwa. Na wiki moja kabla yake, paka mdogo wa mtaani aliyekuwa akilala kwenye kibaraza chao naye alikufa.

Hapo kwenye bakuli ndipo niliposimama. Paka anayetamani maji asiweze kuyanywa ni picha ambayo madaktari wa paka wanaijua vizuri. Ni dalili ya panlukopenia, ugonjwa wa virusi vya jamii moja na pavo ya mbwa. Virusi hivi hushambulia chembe zinazozaliana kwa kasi: ukuta wa utumbo, ndiyo maana ya kutapika na kuhara, na uboho wa mifupa, ndiko zinakotengenezwa chembe nyeupe za damu. Paka mzima huwa na chembe nyeupe kati ya 5,500 na 19,500 hivi katika mikrolita moja ya damu. Mwenye ugonjwa huu anaweza kushuka chini ya 2,000, abaki bila askari. Wengine hufa ndani ya saa 24 tangu dalili ya kwanza, na kifo cha ghafla namna hiyo ndicho kinachowafanya watu, na madaktari pia, waseme sumu.

Sumu nazo zina sura zake. Dawa nyingi za kuua wadudu humtoa paka mate mengi, mboni za macho zikasinyaa na misuli ikatetemeka. Sumu ya panya ile inayozuia damu kuganda huchukua siku kadhaa, ndipo damu ivuje ndani ya kifua au tumbo. Parasetamoli, ambayo watu humpa paka kwa huruma, huyafanya mafizi kuwa ya kahawia na uso kuvimba, maana ini la paka haliwezi kuivunja. (Kama uliwahi kumpa, mwambie daktari. Nimeona wenye paka wakiificha kwa aibu, na matibabu yakapotea njia.) Katika masimulizi ya mama, hapakuwa na hata moja ya haya.

Je, ningeapa kwamba ilikuwa panlukopenia? Hapana. Ushahidi ulikuwa umezikwa. Tunu angekuwa hai, tone la damu kwenye kioo cha darubini lingetosha kuonyesha kama chembe nyeupe zimekwisha, na kipimo cha kinyesi kinachotumika kwa pavo ya mbwa huweza kuvinasa virusi vya paka pia. Baada ya kifo ungebaki uchunguzi wa mwili, kwa mfano katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, au maabara ya veterinari ya Temeke. Mwili uwekwe kwenye baridi ya friji ya kawaida na ufikishwe ndani ya siku moja. Ukigandishwa barafu, tishu huharibika na darubini haisomi vizuri. Na anayeshuku sumu aitaje ni sumu gani, kwa kuwa hakuna kipimo kimoja kinachozitafuta zote.

Swali la pili, kama Tunu angeweza kuokolewa, mama hakulitamka, nikalijibu hata hivyo. Hakuna dawa inayoua virusi hivi ndani ya paka. Tunampa dripu, dawa ya kuzuia kutapika na ya kuzuia bakteria, tukisubiri mwili wake upigane. Watoto wa paka wasiochanjwa hufa wengi hata wakitibiwa vizuri. Jina la ugonjwa likikosewa, haimaanishi kwamba daktari alizembea. Nilimshauri mama arudi kwa daktari huyo aombe kumbukumbu za matibabu na kumuuliza, kwa heshima, alichokiona na alichokipima. Daktari mwema hujibu. Anayekataa kabisa, au aliyemtelekeza mgonjwa, analalamikiwa kwa Baraza la Veterinari, lililopo kwa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003.

Nikamuuliza kwa nini amekuja na bakuli. Akasema dada yake amemuahidi paka mwingine, wa wiki sita, naye ameshaliosha kwa sabuni ili alirithi.

Nikamsihi amsubirishe dada yake. Sabuni haiviui virusi hivi, na vinaweza kukaa ndani ya nyumba hadi mwaka mzima. Bakuli na sakafu visafishwe kwanza, kisha vilowe dakika 10 kwa klorini ya kufulia nguo nyeupe, sehemu 1 kwa sehemu 32 za maji. Kitanda cha kitambaa kichomwe. Na huyo mdogo aanze chanjo huko huko kwa dada, arudiwe kila wiki 3 au 4 mpaka apite wiki 16, ndipo aletwe nyumbani.

Mama akalirudisha bakuli mfukoni. Mlangoni akageuka, akaniuliza kama jirani yake anafuga paka. Nikamwambia hilo ni yeye wa kwenda kumuuliza, leo, maana kama anaye, anahitaji kujua.